Darubini ya Mpima Ardhi

Mjukuu wangu Zawadi,

Marahaba. Sisi hapa Mtendeni hatujambo, na mdogo wako ameota meno. Umeuliza kama kweli babu yako alitengeneza vyombo vya kupimia ardhi. Darubini ya kupimia ilikuwa na vioo vilivyotoka Ulaya, lakini miguu yake ya mbao ililiwa na mchwa, ndipo Mwingereza mpima ardhi akamwomba babu yako, fundi seremala, achonge mingine ya mti wa mninga.

Siku ya kuijaribu, babu yako alinipandisha kilimani Ntalikwa nichungulie. Darubini zile zilipindua kila kitu. Nikamwona mama yangu, miguu juu kichwa chini, akipalilia karanga peke yake, mara kwa mara akishika kiuno. Tulikuwa hatusemezani tangu mimi, binti wa Kikatoliki, niolewe na Mwislamu wa mjini. Nikateremka mbio, nikamwamkia huku nalia.

“Nani kakwambia niko huku?” akauliza.

“Nimekuona kwa darubini aliyoitengeneza mume wangu.”

Akanifuta machozi kwa kanga yake.

“Basi mlete,” akasema, “na mimi nimwone.”

Bibi yako akupendaye,
Bibi Veronika