Pete Iliyobaki Ggaba

Jumatatu, 3 Machi

Uji, dawa, kuoga, shati. Vifungo nimevifunga mara mbili kwa sababu alivifungua vyote nilipogeuka. Mvua tangu alfajiri. Hapa Kyambogo matope yamefika mlangoni.

Baba Neema yuko kwenye kiti chake karibu na rafu. Anavuta kitabu, anakinusa, anakirudisha. Hasomi tena. Herufi zilimtoroka mwaka jana, yeye aliyefundisha Kiswahili chuoni mpaka akastaafu. Kwa hiyo namsomea mimi. Sasa tuko kwenye kile cha jalada la kijani, cha dada wawili wenye nyumba ya wageni. Alikipenda kuliko vyote.

"Unasoma vizuri, dada," aliniambia.

Dada. Jana nilikuwa nesi. Wiki iliyopita nilikuwa mgeni aliyekawia kuondoka.

Kisha akanishika mkono, akaiangalia pete yangu kwa muda. Akauliza kama mume wangu anajua niko hapa. Nikamwambia anajua.

"Basi ni mtu mwema. Lakini usikae sana."

Nimechoka. Sina neno lingine.

Jumatano, 5 Machi

Amekataa kuogeshwa. Anasema hawezi kuvuliwa nguo na mke wa mtu. Alishikilia kiuno cha suruali kwa mikono miwili, ana aibu ya kweli, machozi yanamlenga. Alikuwa akiitazama pete yangu.

Nimeivua. Ilihitaji sabuni na subira. Chini yake ngozi ni laini kama ya mtoto mchanga. Nimeifunga kwenye pindo la leso. Baada ya hapo alikubali maji bila neno.

Kwa hiyo nimelazimika kuacha kuwa mkewe ndipo nimwogeshe.

Yake bado anayo. Imelegea, maana amekonda. Anaizungusha kidoleni siku nzima. Sidhani anajua ni ya nini.

Jumamosi, 8 Machi

Nilikuwa nasoma pale dada mdogo anapokataa kufungua mlango. Akaniinulia mkono, nikanyamaza. Alitaka kuzungumza.

"Mke wangu hasomi," alisema. "Ni mtu mzuri. Mchapakazi. Ana duka la vitenge kule Old Kampala. Lakini nikianza habari za kitabu anainuka kwenda kuangalia sufuria." Akacheka kidogo. "Vitabu hivi nimeishi navyo peke yangu."

Nimevisoma vyote. Rafu nzima, kutoka juu hadi chini. Nilivibeba dukani kwenye mfuko wa nyuzi, nikavisoma wateja wakipungua, nikavirudisha kabla hajarudi kutoka chuoni. Nilisoma hata alichoandika pembeni kwa penseli. Mahali pengine nilibishana naye kichwani njia nzima ya kurudi nyumbani. Hakuniuliza hata siku moja. Kila Jumapili walikuja wanaume wenzake wa chuo, wakazungumza mpaka jioni, na kazi yangu ilikuwa chai. Nilidhani tukizeeka, watu wakipungua nyumbani, tutayazungumza. Nilikuwa naweka akiba.

Niliinuka nikaenda jikoni. Hakukuwa na sufuria motoni.

Jumapili, 9 Machi

Neema alipiga simu kutoka Nairobi. Nilimwambia mambo ni mazuri.

Namwonea wivu huyo dada anayemsomea. Asubuhi aliomba kitana ili achane nywele kabla sijakaa na kitabu. Anamngoja. Anamtengenezea nafasi kwenye kochi. Huyo dada ni mimi, najua. Haisaidii.

Jumanne, 11 Machi

Alipotea.

Nilikuwa naanika nguo. Niliporudi ndani kiti kilikuwa kitupu na geti liko wazi. Nilikwenda chuoni, nikaenda kanisani, nikashuka mpaka barabara kubwa ya Jinja na kandambili zangu za bafuni. Niliuliza kila mtu. Nilipiga magoti kuchungulia ndani ya mtaro, maana mvua ilikuwa imeujaza. Niliwaza maneno nitakayomwambia Neema. Niliwaza pia, na niandike kwa kuwa hakuna atakayesoma: kama amekufa, nitalala.

Alirudi mchana na yule wa bodaboda wa kwenye kona, anayemfahamu tangu zamani. Mtu wa watu alidhani nimemtuma. Mzee alimwambia Ggaba, wakaenda Ggaba, soko la samaki la ziwani, kama alivyokuwa akienda kila Jumamosi alipokuwa mzima. Alishuka akitabasamu, suruali imelowa hadi magotini, mkononi ana kaveera, mfuko wa plastiki, yenye samaki, ngege mkubwa, bado ana magamba.

Alinikabidhi kwa mikono miwili.

"Ni wa kwako, dada."

Kidole chake kilikuwa kitupu.

Nilimpika huyo samaki. Mzee alikula vizuri, nikamtolea miiba. Mimi sikuweza kuonja.

Jumatano, 12 Machi

Zaituni alifunga duka akaja kukaa naye. Tumeuza vitenge pamoja maisha yetu yote, sihitaji kumweleza sana. Mimi nikapanda bodaboda hadi Ggaba.

Muuza samaki sikupata taabu kumpata. Mwanamke mnene, aproni ya plastiki, kisu mkononi. Alinitambua kabla sijasema, nadhani kwa uso.

"Mama, mimi sikuiba," alisema. "Mzee mwenyewe alitoa pete na mkono yake. Alisema hana pesa. Mimi nilikataa, akakasirika, akaweka hapa juu ya meza."

Pete haipo. Shemeji yake aliipeleka mjini jana hiyo hiyo, ikanunuliwa na mtu wa dhahabu asiyemjua jina. Saa hizi huenda imeshayeyushwa. Aliniomba msamaha mara nyingi. Alitaka kunifungia samaki wengine, nikakataa.

Nilikuwa nimeshageuka. Sijui kwa nini nilirudi kumuuliza kama mzee alisema samaki ni wa nani.

"Alisema ni ya dada anamsomea kitabu. Mimi nikamuuliza, na mke? Akasema mke hatajua."

Nilisimama pale kati ya ndoo za mukene, dagaa wa ziwani. Watu walinipita kushoto na kulia na mizigo. Kijana wa mashua alinisukuma kwa kiwiko, akasema pole nnyabo. Ziwa lilikuwa la kijivu, halina kitu cha kutazama.

Nimejaribu kuliweka sawa njia nzima. Ameniibia mimi akanipa mimi. Wengine wangecheka. Ile pete tuliinunua Mombasa, yeye akiwa mkimbizi kutoka Uganda asiye na kazi na mimi binti wa Kitaita ambaye nyumbani walimwambia atajuta. Sikujuta. Leo ndiyo mara ya kwanza.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefungua pindo la leso nimevaa pete yangu. Nimeilazimisha, kidole kimevimba. Sikumsomea. Alikaa kwenye kochi ameacha nafasi pembeni yake, nywele amechana. Aliuliza dada yuko wapi. Nikasema amekwenda kwao.

Alinitazama kama anavyotazamwa mtu wa kuleta habari mbaya.

Ijumaa, 14 Machi

Leo amemuulizia mkewe.

Ilikuwa alasiri. Alisimama dirishani, akashika nondo. "Mke wangu amechelewa. Duka limeshafungwa saa hizi. Yuko wapi?"

Zamani ningesema niko hapa. Nimesema hivyo mara nyingi mno. Kila mara ananiangalia kama mwongo, ananionea huruma. Leo sikuweza tena.

"Amekufa," nilimwambia.

Nilitaka limuume. Niliandike hivyo hivyo. Nilitaka limuume, na liliuma.

Alikaa chini sakafuni, si kwenye kiti. Akaomboleza. Sikumsikia akilia hivyo hata tulipomzika mama yake. Mwanzoni alilia kwa Kiswahili, akauliza nani atawaambia watu wa kwao Taita. Kisha akahamia Kisoga, lugha ya kwao. Alisema mengi. Alisema polepole, akihesabu kwa vidole, kama mtu anayeeleza mema ya marehemu, sauti ikipanda na kushuka. Jina langu lilipita humo, Wakesho, Wakesho, mwaka mzima sijalisikia kinywani mwake.

Mimi Kisoga sikijui. Najua Kiganda cha sokoni. Kisoga alikiweka kwa ajili ya mama yake na dada yake, na nyumbani tulikuwa na Kiswahili, kilitutosha. Nilikaa kando yake sakafuni nikasikiliza yote anayosema juu yangu. Sikuelewa neno ila jina.

Jumamosi, 15 Machi

Nimejaribu kulirudisha neno lile. Nilipiga magoti mbele yake, nikamshika uso. Nikamwambia mimi ndiye, niko hai, nilikosea, nitazame. Alinitazama kwa adabu. Akanipigapiga mkono kama unavyomtuliza mfiwa aliyechanganyikiwa. Akasema kitu kwa Kisoga. Nadhani alinishukuru kwa kuja.

Hajala. Amekataa kurudi kwenye kiti.

Zaituni alifika jioni na tende zake, amefunga, alitaka tufuturu pamoja. Alimkuta sakafuni, akampa mkono, mzee akaushika kwa mikono miwili. Zaituni hakuuliza kulikoni. Akasema, "Pole, Mwalimu." Jikoni ndipo nilipomweleza. Tende ilibaki mkononi mwake, adhana imeshapita.

"Ungeniita," alisema. "Siku hiyo ungeniita tu mimi."

Ni kweli. Sikumwita.

Alhamisi, 20 Machi

Machozi yameisha. Amesahau anamlilia nani. Huzuni ndiyo haikuondoka, imebaki usoni bila sababu yake.

Kiswahili hakijarudi. Nikisema "kula", anangoja mpaka niinue kijiko. Leo nilichukua kitabu cha kijani, nikaketi alipokuwa ameniachia nafasi, nikasoma kurasa kadhaa. Alisikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua juu ya mabati. Pale dada mdogo anapofungua mlango hatimaye, pale ambapo zamani Baba Neema alikuwa akipiga paja kwa furaha, hakufanya lolote. Nikaendelea mpaka mwisho wa sura. Sijui nilikuwa namsomea nani.

Jumanne, 25 Machi

Sikuandika. Hakuna kitu. Uji, dawa, kuoga.

Ijumaa, 28 Machi

Neema amekuja. Alishuka Iganga akamchukua wifi yangu Merabu, dada yake Baba Neema, wakaja wote.

Tulimpeleka kwa daktari. Daktari anasema ndivyo ugonjwa unavyokwenda, lugha uliyojifunza ukubwani hutangulia kuondoka, ya utotoni hubaki. Anasema hakuna neno la mtu linaloweza kufanya hivyo. Neema alinishika bega akaniambia, "Umesikia, mama?" Nimesikia. Siamini.

Merabu alimsalimia kwa Kisoga tangu getini. Akamjibu. Uso wote ukafunguka. Walizungumza mpaka chakula kikapoa, na yeye akala bila kulishwa. Nilikuwa nabeba sahani nikatoka nikalia nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji. Furaha haikuwamo. Nasema ukweli. Nilichukia kwamba ilikuwa rahisi hivyo.

Jumapili, 30 Machi

Nimejipa moyo nikamuuliza Merabu wanazungumza nini.

"Ng'ombe," alisema. "Ng'ombe wetu wa zamani, na mto. Mama yetu."

"Na mimi?"

Merabu ni mtu mkweli. Aliangalia viazi alivyokuwa anamenya.

"Hajasema, wifi."

Nilitaka nimweleze siku ile sakafuni, maneno yale yote, jina langu. Lakini sikuyashika, hata moja, siwezi hata kumtamkia ili anifasirie. Yalisemwa mara moja mbele ya mtu mmoja asiyeyaelewa.

Jumatano, 2 Aprili

Neema amerudi Nairobi. Merabu atakaa nasi, amekubali, shamba ameliachia wanawe. Amelala chumba cha Neema.

Neema aliuliza kama nitampa mtu vitabu. Nikasema sijui. Sijavigusa.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua imepumzika. Merabu alikwenda sokoni. Tulibaki wawili barazani, yeye kwenye mkeka, mimi nachambua maharage. Mchana alinigeukia akasema neno. Akalirudia.

Amaadhi. Nililisikia jana Merabu akiinua jagi.

Nikaingia ndani nikaleta maji. Alikunywa yote, taratibu, akanirudishia kikombe, akaendelea kutazama barabara. Nami nikakaa chini nikaendelea na maharage.