Karatasi Kumi Tupu

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu wa hesabu wa masomo ya jioni katoa kazi: tafuteni kitu kinachobadilika kwa bahati lakini kinahesabika — sifuri, moja, mbili. Wenzangu wamekimbilia kurusha dado. Mimi karani wa wodi ya wazazi, dado za nini? Nitahesabu watoto wa zamu ya mchana. Hakuna anayezaa mmoja na nusu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemaliza. Karatasi za zamu sabini. Kumi hazina kitu, nikaziweka pembeni. Kwenye sitini zilizobaki, uwezekano ni huu: bila mtoto, 0.15. Mmoja, 0.35. Wawili, 0.30. Watatu, 0.15. Wanne, 0.05. Jumla moja kamili! Wastani hata wawili haufiki. Kichwa kikanivimba, nikampelekea sista mkuu jedwali. Kasoma mara mbili, kasema kumbe mchana mkunga wa pili anakaa bure. Nikacheka naye.

Jumapili, 9 Machi
Ratiba mpya imebandikwa. Kuanzia kesho, mchana mkunga mmoja. Mdogo wangu mjamzito kaja kula, tumbo limeshuka, anasema wiki hii haiishi hajajifungua. Anajivunia dada yake msomi.

Jumatatu, 10 Machi
Mkunga wetu, Bibi Kelele, kanidaka mlangoni. Zile siku tulizofurika nimezihesabu? Nikamjibu nimehesabu kila karatasi iliyoandikwa. Akaniuliza tena. Siku ya kufurika, nani ana nafasi ya kushika kalamu?

Nimefungua daftari kubwa la vizazi. Zile kumi tupu — hakuna hata moja yenye watoto chini ya watano. Nilitupa siku zenyewe. Jumla ilitoka moja, nikaiamini, kumbe hata ya uongo hutoka moja. Kumi katika sabini. Yaani kila wiki, siku moja.

Jumanne, 11 Machi
Sista mkuu yuko mkutanoni mpaka Ijumaa. Msaidizi wake hathubutu kugusa ratiba. Kwani jedwali si lako mwenyewe, kaniuliza. Ndiyo, langu. Naona aibu mpaka masikio yanawaka.

Nimemwambia mdogo wangu ajibane mpaka Ijumaa. Kacheka hadi kashika kiuno. Sababu sikumwambia.

Jumatano, 12 Machi, saa tisa mchana
Uchungu umemshika. Tuko wodini. Bibi Kelele yuko peke yake, na leo kanyamaza — hilo ndilo linalonitisha. Ndani wako wanne. Mdogo wangu ni wa tano. Jedwali langu linaishia wanne.

Mkunga wa pili nimempigia, anasema yuko njiani, kwao ni mbali. Naandika hapa kwenye benchi la nje, namsubiri. Mdogo wangu ananiita kwa jina la utotoni.

Mlango wa nje umefunguka. Wa sita, kashikiliwa na mumewe.

Bibi Kelele katoa kichwa. Kasema nikanawe, mpaka viwikoni. Mimi ni karani tu. Sijawahi hata —