Bibi Kivuko Hakuulizwa

Masasi,
14 Februari 1971

Mdogo wangu Ursula,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Baba na Mama. Mimi sijambo, ila uji wa bweni unazidi kuwa mwembamba. Siku hizi tunayaona maua yaliyochorwa ndani ya bakuli, chini kabisa, kabla hatujaanza kunywa. Msalimie pia mgeni wenu Maria. Baba aliniandikia kwamba alikimbia vita vya Msumbiji na sasa mnalala naye chumba kimoja.

Nina habari ya kukufurahisha. Cecil, mwenzangu wa bweni, amebuni mchezo usiohitaji mpira wala uwanja. Jumamosi tukishafua tunakaa kwenye ngazi, naye anatusimulia nchi isiyokuwepo, Nchi ya Ukungu. Kila mmoja wetu ana mtu wake wa kubuni humo ndani, na mtu huyo anafanya lile unalotaka wewe. Ukitaka apande mlima, unasema, "Anapanda." Kukiwa na hatari unarusha korosho tatu chini. Zikilala vizuri, amepona. Zikilala vibaya, shauri yake.

Mtu wangu ni Jemedari Radi, ana upanga unaotoa cheche. Wa Ambakisye, yule mtoto wa bwana shamba aliyehamia kutoka Tukuyu, ni mchawi anayejigeuza kunguru. Tunalifuata zimwi lililoiba jua, ng'ambo ya Mto Usiolala.

Nyumbani hakuna aliyekushinda kwa hadithi. Buni mtu wako unitumie, nami nitamchezea. Sema anaitwaje, anaweza nini, anaogopa nini na amebeba nini.

Kaka yako,
Nikolao

Mkunya,
3 Machi 1971

Kaka Nikolao,

Shikamoo. Pole kwa uji. Sisi huku tunaendelea, ila mgongo wa Mama unauma tangu palizi ya shamba la ujamaa. Wiki iliyopita ndege za Mreno zilipita tena juu. Tulilala kifudifudi chini ya mikorosho ya shule mpaka mwalimu alipogonga kengele.

Mtu wangu ni huyu. Anaitwa Bibi Kivuko. Ni mzee, ana ndonya ya mti iliyotoboa mdomo wa juu, na hana upanga. Anajua kila mahali mto unapovukika, hata gizani, kwa kusikiliza maji tu. Haogopi kitu chochote. Amebeba kikapu kikubwa kichwani, na ndani yake mna kila watakachohitaji wenzake njiani.

Nimemfikiria sana. Nikienda kuteka maji namwona anatembea mbele yangu. Mtunze.

Mdogo wako,
Ursula

Masasi,
16 Machi 1971

Mdogo wangu Ursula,

Salamu nyingi, na mgongo wa Mama upate nafuu. Hapa tu wazima.

Bibi Kivuko amekataliwa. Usinikasirikie mimi, niliwasomea barua yako kama ilivyo. Cecil alisema bibi kizee atatuchelewesha. Ambakisye alicheka mpaka akaomba maji. "Tunakwenda vitani au tunakwenda zahanati?" akauliza.

Lakini wamekupa nafasi nyingine. Mtu wako awe Binti Mfalme, aliyefungwa na zimwi pangoni. Ni mzuri kupita wote na anaimba vizuri. Sisi tutakuja kumwokoa. Mimi naona ni heshima, maana safari yote itakuwa kwa ajili yake.

Kaka yako,
Nikolao

Mkunya,
28 Machi 1971

Kaka Nikolao,

Shikamoo. Sote wazima. Mama amepata nafuu. Sasa nisikilize.

Huyo Binti Mfalme, mpaka mfike huko kwa zimwi, atakuwa anafanya nini? Jumamosi zote hizo ninyi mnavuka mito na kupigana, mtu wangu amekaa pangoni anaimba? Na mkifika, atafanya nini? Atashukuru? Waambie hao wenzako kwamba kukaa na kungoja nakujua tayari, sihitaji kuandika barua mpaka Masasi ili nifundishwe.

Eti bibi atawachelewesha! Unajua Dada Maria anafanya kazi gani? Anavuka Ruvuma na wanawake wenzake, wamebeba vichwani vyakula na dawa za wapiganaji, na masanduku ambayo hanitajii yana nini. Wanatembea msituni siku nyingi. Wale wanaume wanaweza kupiga bunduki kwa sababu wanawake wamewabebea risasi. Akirudi anajikanda shingo kwa maji ya moto, kisha anamsaidia Mama kutwanga muhogo kama vile alikuwa ametoka kisimani tu. Bibi Kivuko nimemtoa kwake. Nilimzeesha ili asijulikane. Barua hii ukishaisoma uichome.

Ama aingie yeye, ama usinitajie tena mchezo wenu. Na huyo Ambakisye mwulize, siku ya kuvuka, kunguru wake atabeba sufuria kwa mdomo?

Mdogo wako,
Ursula

Masasi,
2 Mei 1971

Mdogo wangu Ursula,

Habari za tangu Pasaka? Mimi mzima, na mitihani imepita.

Umeshinda! Niliwaambia kama Bibi Kivuko haingii, na Radi anatoka. Cecil akakubali kwa shingo upande. Basi ungemwona! Alituvusha bwawa la moshi. Kwenye kikapu alitoa kamba, akatoa chumvi ya kuwafukuza mafisi wenye vichwa viwili. Hata Ambakisye ikawa kila tukikwama anauliza, "Bibi anasemaje?"

Jumamosi iliyopita tulifika Mto Usiolala. Walinzi wa zimwi walikuwa nyuma yetu, na lazima mmoja abaki ukingoni kushika kamba ili wengine wapite. Nikasema Bibi Kivuko anabaki. Nikarusha korosho, zikalala vibaya zote tatu. Alikufa, Ursula, lakini alikufa kishujaa mno, ungekuwepo ungefurahi. Tulimpigia ndoo badala ya ngoma, na Cecil aliyapa maporomoko ya mto ule jina la Bibi Kivuko.

Sasa buni mwingine upesi, tumebakiza kidogo kufika.

Kaka yako,
Nikolao

Mkunya,
12 Mei 1971

Nikolao,

Leo sina salamu.

Dada Maria aliondoka baada ya Pasaka na hajarudi. Watu waliopanda kutoka bondeni wanasema msafara mmoja ulipigwa mtoni, ila hawajui ni upi. Mama anamwekea chakula kila jioni, na asubuhi tunawamwagia kuku. Tukiwa katika hali hiyo ndipo barua yako ilipofika. Niliisoma nimesimama mlangoni, na Mama akauliza, "Kaka yako anasemaje?" Nikamwambia, "Hajambo." Ningemwambia nini kingine?

Bibi Kivuko anabaki! Nani alimsikia akisema atabaki? Mtu wangu ungeniuliza mimi. Barua ingefika, zimwi lenu lingengoja. Ulikuwa na jemedari mwenye upanga wa cheche, kijana mwenye nguvu zake. Kwa nini hakubaki yeye? Mlimdharau alipokuja, mkamtumia alipofaa, na ilipotakiwa mtu wa kufa mkageuka wote mkamwangalia yeye. Kisha mkapiga ndoo.

Usiniambie ningefurahi. Usiniambie nibuni mwingine.

Ursula

Masasi,
23 Mei 1971

Mdogo wangu Ursula,

Nakusalimu hata kama hukunisalimu. Habari ya Dada Maria imenisikitisha sana, na usiku sikulala vizuri. Lakini ningejuaje? Wewe unaniandikia kana kwamba nimeua mtu. Ni mchezo. Korosho ndizo zilizolala vibaya, si mimi niliyezilaza.

Niandikie mkisikia lolote.

Kaka yako,
Nikolao

Masasi,
20 Juni 1971

Mdogo wangu Ursula,

Sijapata jibu. Natumaini ni posta tu, na kwamba nyumbani ni salama.

Nilimwomba Cecil arudishe hadithi nyuma mpaka ukingoni mwa mto. Alikataa, akasema aliyekufa amekufa. Ambakisye akasema mdogo wangu anadeka. Nikamwambia arudie neno hilo, naye akalirudia. Kwa hiyo sote wawili tumeadhibiwa, tunafyeka majani ya uwanja mpaka muhula uishe, bega kwa bega, na hatusemezani. Mchezo nimeuacha.

Uliuliza kwa nini Radi hakubaki. Nimekaa na swali lako na fyekeo mkononi. Sababu ni kwamba Radi alikuwa wangu. Nilitaka wangu apite. Sina sababu nyingine.

Dada Maria amerudi? Niambie hata kwa mstari mmoja.

Kaka yako,
Nikolao

Mkunya,
9 Julai 1971

Kaka Nikolao,

Shikamoo. Barua zako mbili zilifika na nilizisoma. Hasira yangu bado ipo, lakini ya pili niliisoma mara nyingi kuliko ya kwanza.

Dada Maria amerudi. Aliingia uani Mama akiwa anachekecha unga, akasema "Hodi" kama jirani aliyekuja kuomba moto. Mama aliuangusha ungo, unga wote ukamwagika, na hakuna aliyeuangalia. Miguu ya Dada imevimba, na nyuma ya bega kuna kidonda ambacho mganga wa zahanati anakisafisha kila siku. Wenzake wawili hawakurudi. Majina yao hajataka kuyataja, nasi hatujamwuliza.

Alipopata nguvu ya kukaa nje nilimweleza mambo yote ya mchezo wenu. Nilitaka akasirike pamoja nami. Nikamwambia jinsi mlivyomkataa Bibi Kivuko, na mlivyomwacha mtoni. Mwanzoni alicheka kidogo. Kisha akauliza, "Huyo bibi ndiye mimi?"

"Ndiyo, Dada."

"Bibi? Mimi? Nina meno yangu yote!"

"Nilikuzeesha ili usijulikane."

"Na haogopi kitu chochote?"

"Hapana."

Nilidhani amefurahi. Kumbe ndiyo kwanza hasira inapanda. "Nani alikuambia siogopi?" akasema. "Uliniuliza lini? Pale mtoni nilijikojolea, Ursula. Kaandike hilo! Unamgombeza kaka yako kwamba hakukuuliza. Na mimi nani aliniuliza?"

Mama alitaka kuingilia kati, Dada akamwambia, "Ngoja, Mama Nikolao, sijamaliza." Akanigeukia tena. "Hiyo nchi ni ya kuwaza tu?"

"Ya kuwaza tu."

"Mtu anaweza kuwa chochote anachotaka? Hata ndege? Hata malkia?"

"Chochote."

"Basi kwa nini, katika vitu vyote vya dunia, ukanitwisha mzigo?"

Kaka, nililia. Naye hakunibembeleza. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akanisogezea kigoda. "Haya," akasema, "sasa nitengeneze upya, na safari hii unaniuliza."

Basi mtu wake ni huyu, na simtumi kwenu Masasi, nakuelezea tu. Anaitwa Asiyeamshwa. Ni mwanamke wa makamo, mnene. Ana nyumba ya bati yenye kitanda kipana, na tembo wawili wa kumbebea vitu vyake vyote, mpaka kanga. Nilipomwuliza anaweza nini, alisema anaweza kulala mpaka jua liwe utosini. Anaogopa mvua tu, isije ikamharibia nguo mpya.

Akasema, "Wewe ndiwe msimulizi. Anza." Nikaanza. Nikasimulia tembo wanavyopanda kutoka bondeni wakati wa ukungu, na yeye juu yao amejifunika shuka safi. Nikasimulia watu njiani wanavyompa njia, na harufu ya wali wa nazi ambao hakuupika yeye. Mama aliacha kazi akaja kukaa nasi. Mwishowe nikaona hadithi imekuwa tulivu mno, nikashusha sauti, nikasema, "Mara, nyuma ya mikorosho, kikatokea kivuli kikubwa..."

"Zimwi?" Dada akauliza.

"Ndiyo."

"Lisije leo."

"Lakini Dada, lisipokuja hakuna hadithi."

"Ipo. Wewe endelea."

Nikaendelea. Nikamfikisha nyumbani, nikamfungulia mlango, nikamtandikia kitanda, nikawapeleka tembo wakanywe maji. Alikuwa amefumba macho na mkono wake uko juu ya goti langu. Kuna mahali nilipungukiwa maneno kabisa, na lile zimwi lilikuwa palepale karibu, rahisi kuliita.

Sikuliita.

Mdogo wako,
Ursula