Kilio cha Kinasih

Wonosari, siku ya arobaini tangu Kinasih azaliwe

Dada yangu Wuryani,

Asalamu alaikum. Natumaini uko salama huko Taiwani, na bibi unayemtunza ameacha kuficha vidonge vyake chini ya ulimi. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, goti lake linamsumbua, ila ukimuuliza atakwambia ni la jirani.

Uliniuliza kwenye simu nimeponaje, nikakujibu vizuri tu, kwa sababu mama mkwe alikuwa amekaa karibu. Sasa nikueleze. Mshono wa upasuaji umefunga. Wiki mbili za kwanza nilikuwa naogopa kucheka, na kukohoa ndiyo usiseme. Mama mkwe hunifunga kibwebwe cha mita tano mpaka napumulia mabegani. Mkunga aliniagiza nile samaki wa mtoni kila siku ili kidonda kipone, mama mkwe akasema nikila samaki maziwa yatanuka na mtoto atanikataa. Wakabishana kizingitini, mimi nikiwa na njaa. Mwishowe mume wangu Prasojo akawa ananiletea samaki akitoka dukani kwake, amemfunga kwenye karatasi za fotokopi zilizoharibika.

Lakini tumbo si shida, Dada. Shida ni kwamba sikumsikia mtoto akilia. Sindano ya ganzi ya mgongo haikushika, wakanilaza usingizi kabisa, na nilipozinduka nikakuta mtoto kifuani, kimya, amekwisha kuvishwa kofia. Niliona kama nimekabidhiwa mtoto wa mtu nimshikie kidogo, mwenyewe atarudi. Majirani nao walipokuja kunitazama, Bu Ngatinah akaniambia kwa kucheka, “Mwenzetu umepita njia ya mkato.” Nilicheka nao, mshono ukaniuma.

Basi nikaanza kuuliza. Nilitaka tu kujua alilia vipi. Prasojo akasema alilia kama jogoo, hospitali nzima ikageuka. Mama mkwe akasema hapana, alilia kama mtoto wa paka. Nesi aliyekuwa akinibadilishia bandeji akasema, “Watoto wote hulia, mama, tulia nimalize.” Jogoo na paka, Dada, na wote walikuwa pale! Nikapiga hesabu zangu na kuona kuna kitu nafichwa. Nilianza kumkagua mtoto masikio, vidole, hata kisogo, nikitafuta alama ya kwetu. Naona haya kuyaandika, lakini nilishaanza kuamini si wangu.

Hapa ndipo ninapokuomba usimwambie Mama.

Unajua Prasojo aliliosha kondo la nyuma mwenyewe kama inavyompasa baba, akalizika kwenye chungu kushoto mwa mlango, na sindano na uzi na maua, taa juu yake. Taa iliondolewa siku ya thelathini na tano. Siku mbili baadaye, asubuhi, mama mkwe alipokwenda sokoni kuuza tempe zake za soya, nilichukua upawa wa jikoni nikafukua. Najua kwetu kondo ni ndugu yake mtoto na hachokozwi. Lakini hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa na hakika kimetoka kwangu, na nilitaka kukiona.

Sikukifungua chungu. Juu ya kifuniko palikuwa na ile karatasi ya herufi anayowekewa mtoto ili awe na akili. Wengine huiweka hivi hivi ikaoza. Mume wangu, mtu wa duka la fotokopi, alikuwa ameivika plastiki kama kitambulisho. Chini ya herufi aliandika hivi:

“Mwanangu, ulipotolewa hukulia. Walikukimbiza kwenye mashine ya hewa. Bibi yako akanionya nisimwambie mama yako, asije akashtuka maziwa yakakauka, nami nimemdanganya kila aliponiuliza. Baadaye walikulaza kifuani mwake, naye bado yuko usingizini. Hapo ndipo ulipolia, mara ya kwanza. Ulinyamaza alipofumbua macho.”

Niliisoma mara tatu nimechuchumaa, jambo ambalo sikuruhusiwa kulifanya. Nikairudisha, nikafukia.

Mchana Prasojo alikuja na samaki. Aliutazama udongo kushoto mwa mlango, kisha kucha zangu. Akaenda kuleta bakuli la maji, akaniosha kidole kimoja kimoja. Jioni yake nilikifungua kibwebwe mwenyewe nikautazama mshono, ambao tangu hospitali nilikuwa nikiukwepa. Ni mdogo kuliko nilivyodhani.

Nimalizie hapa, Kinasih ameamka. Siku hizi akilia namwacha kidogo kabla sijamnyonyesha. Mama mkwe anasema nimeziba masikio. Mwache aseme, Dada. Nasikiliza.

Mfikishie bibi yako salamu zetu, nawe ujifunike vizuri na baridi ya huko.

Mdogo wako,
Tarini