Kaka, Basi na Taa Nyekundu

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka. Nianze na hilo nisije nikalisahau.

Mkuu wa idara kaniita ofisini asubuhi. Nilimfundisha mimi huyu, insha zake nilizisahihisha hadi kalamu ikaisha wino. Leo kanivutia kiti kama mgonjwa. Akasema kozi yangu ya uandishi wa magazeti imeunganishwa na ya video na tovuti. Anayetaka kuifundisha muhula ujao lazima aonyeshe kazi ya mkono wake mwenyewe: video fupi ya mtu akiwa kazini, iwekwe kwenye tovuti ya chuo pamoja na maelezo yake. Mwisho Jumanne ya wiki ijayo, jioni. Na nisipoweza? Akatazama dirishani, akasema chuo kitaniangalia. Najua maana yake! Kitaniangalia nikitoka getini.

Basi leo nimekaa darasani na wanafunzi wangu mwenyewe, safu ya nyuma. Wananiita Kalamu Nyekundu, wanadhani sijui. Mmoja kauliza kama ile sheria yangu inatumika kwenye video pia. Sheria yangu ni moja tu, nimeifundisha tangu nina nywele nyeusi: daftari likifungwa, na masikio yafungwe. Mtu akikuambia jambo ukiwa umeshafunga daftari, hilo si lako, huliandiki. Nikamjibu ndiyo, inatumika. Darasa zima likacheka. Sijui walicheka nini.

Jumanne, 4 Machi

Nimepewa mwalimu. Binti wa mwaka wa pili, wenzake wanamwita Betri kwa sababu simu yake haizimiki, na mdomo wake vilevile. Ananiita Mwalimu kwa heshima zote, kisha ananipokonya kipanya cha kompyuta mkononi.

Somo la leo kukata picha kwenye kompyuta. Unakata hapa, unaunga pale, unasogeza sauti ikutane na midomo. Nilikata asubuhi nzima picha za majaribio alizonipa. Nikaanza hata kujisikia fundi. Umeme ukakatika. Betri kauliza, "Ulisevu, Mwalimu?" Mimi nilidhani inajihifadhi yenyewe! Kazi yote imekwenda na maji.

Mke wangu kacheka hadi akashika mlango. Samaki mkunje angali mbichi, kasema. Mimi si mbichi. Mimi nimeshakaangwa.

Jumatano, 5 Machi

Mtu akiwa kazini — nani? Betri kasema nitafute mtu ambaye mikono yake inaongea. Maneno ya darasani hayo, lakini nikamkumbuka Kaka.

Kaka anaendesha basi la shule. Maisha yake yote ni usukani: lori kwanza, mabasi ya abiria baadaye, sasa watoto. Baba alipofariki mimi nilikuwa bado kaptura, Kaka akaacha shule akawa utingo ili mimi nisome. Hajawahi kunitajia, hata tulipogombana. Angenitajia labda ningepumua.

Nimempigia. Shikamoo, marahaba. Nikamweleza. "Mimi tena niwe kwenye tivii? Ngoja nimwambie shemeji yako anipigie pasi shati." Alifurahi kweli. Nimesikia kwenye sauti.

Alhamisi, 6 Machi

Mgongo! Lakini kazi imefanyika.

Betri alinikabidhi kamera, stendi, na maiki ndogo ya kubana kwenye kola. Akanijaribisha getini. Kitufe ni kimoja: ukibonyeza, taa nyekundu inawaka, inarekodi. Ukibonyeza tena, inazima. Hata mtoto anaweza, kasema. Hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi.

Kaka alikuwa amepigiwa pasi mpaka suruali. Pembeni yake, kwenye kiti cha mlangoni kushoto, anakaa matroni, yule mama anayepandisha watoto na kuwafunga mikanda. Sauti yake filimbi, moyo wake uji. Wanaitana Baba na Mama, na kila mmoja ana ndoa yake. Watoto walinipungia mikono hadi wengine wakasahau mabegi chini. Kila kituo nilibonyeza, nikauliza, Kaka akajibu, nikabonyeza. Aliongea vizuri mno. Kwamba mtoto anayelia asubuhi humpa kazi ya kuhesabu kuku barabarani. Kwamba siku ya kwanza huwa hajui jina la mtoto hata mmoja, mwezi ukiisha anajua hadi majina ya wanasesere wao. Jua lilipiga kwenye kioo, taa yenyewe sikuiona vizuri, ila kitufe nilikibonyeza kwa nidhamu.

Tulipofika shuleni, watoto wakashuka, nikaiweka kamera kitini, nikaenda kutafuta choo. Niliporudi tukamalizia maswali ya mwisho.

Nimemwambia mke wangu nadhani naweza. Kaniwekea maji ya moto ya kukanda mgongo.

Ijumaa, 7 Machi

Hakuna kitu. Hakuna! Klipu ya kwanza: viatu vyangu. Ya pili: viatu vyangu vikipanda basi. Ya tatu: watoto wanapunga mikono, hiyo imetokea kwa bahati, halafu dari. Kaka hasikiki akieleza habari za kuku, hasikiki akitaja wanasesere.

Betri ndiye aliyeng'amua. Pale getini, aliponijaribisha, niliacha kamera imewaka. Kwa hiyo kila nilipodhani nawasha, nilizima. Kila nilipodhani nazima, niliwasha. Siku nzima kinyumenyume, kwa nidhamu! Alilaza kichwa mezani akacheka mpaka machozi. Na mimi nikacheka. Ungefanyaje?

Kisha ikaja klipu ya shuleni. Picha ni dari la basi tu. Lakini maiki ilikuwa bado kwenye kola ya Kaka, na sauti ni safi kama yuko chumbani.

Matroni anauliza: "Jana ile pikipiki, Baba, hukuiona kabisa?"

Kaka: "Sikuiona. Hili jicho la kushoto limeshakufa. Mwaka jana lilikuwa linaona ukungu, sasa hata ukungu hakuna."

"Na hospitali?"

"Wamesema haliponi. Na hili la pili limeanza. Nikiwaambia hawa wa shule, kesho nimevuliwa usukani. Wewe endelea vilevile. Nikikuuliza vipi huko, unaniambia pita au unaniambia ngoja. Si tunakwenda?"

Halafu matroni: "Mimi naogopa, Baba."

"Hata mimi naogopa, Mama."

Halafu nyayo, na sauti yangu: "Haya Kaka, tuendelee." Picha ikakatika. Nilikuwa nimebonyeza kuanza.

Betri hakucheka tena. Akasema polepole, "Mwalimu, habari yako ndiyo hii." Nikamwambia daftari lilikuwa limefungwa. Akasema halikufungwa, lilikuwa wazi, ni mimi tu niliyedhani limefungwa. Kisha akauliza, "Na wale watoto?"

Nimemwomba asimwambie mtu mpaka niongee na Kaka. Kaniahidi, lakini hakuniangalia usoni.

Jumamosi, 8 Machi

Nimelala mchana kutwa. Mke wangu kauliza nina nini. Mgongo, nikasema.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kwa Kaka. Njiani nilipanga maneno, nikayapangua, nikayapanga. Mficha maradhi kifo humuumbua — nimeiandika ubaoni mara ngapi hiyo! Kuiandika rahisi. Jaribu kumwambia aliyekulea.

Shemeji kaleta chai. Kikombe alikiweka mkono wa kulia wa Kaka, akakisogeza mpaka kikagusa kidole chake. Nimekunywa chai nyumba ile maisha yangu yote, sijawahi kuona hilo. Au halikuwepo. Anajua, shemeji. Alivyoona naangalia kile kikombe, akaenda zake jikoni.

Nikafungua mdomo. Kaka kaniwahi. "Video yangu iko wapi? Hawa jirani nimeshawatangazia." Nikasema imeharibika, Kaka, nilikosea kitufe. Kacheka sana, kanipiga bega. "Basi njoo Jumanne turudie. Shati lipo."

Nikasema haya. Haya! Mtu mzima, mwalimu wa watu, nimefundisha vizazi vya waandishi kuuliza swali gumu, nikasema haya nikaaga. Nimejichukia njia nzima.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi basi la Kaka limepita mbele ya chuo. Nilisimama ukingoni nikalitazama mpaka likakata kona. Vichwa vidogo madirishani. Limepita salama.

Betri kanifundisha ukurasa wa tovuti. Kichwa cha habari, picha ya juu, maelezo, halafu kitufe cha kijani kimeandikwa Chapisha. Kabla hujakibonyeza, kazi inabaki rasimu, haionwi na mtu ila wewe. Kaniandalia mbili. Ya kwanza ina watoto wanaopunga mikono, na nafasi tupu ya kuweka sauti ya Kaka nitakayorekodi kesho. Ya pili ina watoto walewale wanaopunga mikono, na juu yake ile sauti ya shuleni. Kazicheza zote mbili. Ya pili nilitoka nje kabla haijaisha.

Alinifuata kwenye ngazi. Akasema hataki nimchome kaka yangu, hakuitengeneza kwa ajili ya kuchapisha, aliitengeneza niisikie. Nikamuuliza nimfanyeje mtu aliyeacha shule kwa ajili yangu. Akasema yeye ana mdogo wake darasa la kwanza, anapanda basi. Si basi la Kaka, lakini anapanda basi. Kisha akarudi ndani.

Mkuu wa idara kapita, kaona ile ya kwanza. Inagusa, kasema, niongeze tu sauti ya dereva, muhula ujao ni wangu. Hata furaha haikuja.

Jumanne, 11 Machi

Naandika ndani ya basi, uwanja wa shule. Haraka haraka. Kengele ya kutoka bado kidogo.

Nilifika asubuhi na mapema ili niongee naye kabla ya safari. Nilikuwa nimeamua, wallahi. Nikamkuta keshawasha injini. Akaniambia matroni hayupo, kaomba ruhusa, anampeleka mjukuu kliniki. "Leo wewe ndiye matroni wangu. Kaa hapa." Akapigapiga kile kiti cha mlangoni. Cha kushoto.

Nikasema Kaka, subiri kwanza tuongee. Akasema tutaongea njiani, watoto wanasubiri, jua lisiwachome. Na watoto kweli walikuwa wanasubiri, mmoja kituo hiki, wawili kile. Nikapanda. Nimewafunga mikanda, mmoja kanifundisha namna ya kuifunga maana nilikosea.

Kamera niliisimamisha mbele, juu ya dashibodi. Safari hii nilitazama mara tatu. Taa nyekundu ilikuwa inawaka.

Makutano makubwa, pale kwenye duka la matairi. Kaka akapunguza mwendo. Hakugeuza shingo. Akasema kawaida kabisa, kama anayeuliza saa: "Vipi huko?"

Hajawahi kuniambia kwamba haoni. Mimi sijawahi kumwambia kwamba najua. Na akaniuliza, na mimi nikatoa kichwa dirishani nikaangalia kushoto, lori, baiskeli, mama na ndoo, nikangoja wapite wote, nikasema: "Pita."

Akapita. Watoto wakaimba. Mikono yangu nikaikalia. Nikasema pita na kwenye daraja. Nikasema ngoja kwenye reli. Mtoto wa nyuma yangu kaniuliza kwa nini nalia, nikamwambia vumbi.

Watoto waliposhuka nikamwambia. Nilisema vibaya, bila mpangilio, kamera, maiki, choo, yote. Kaka alisikiliza ameshika usukani. Akauliza jambo moja tu: "Shemeji yako anatajwa humo?" Nikasema hapana. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema amesikia, lakini jioni nani atawarudisha watoto, mwendo ni uleule, na mimi macho ninayo. Niende naye leo tu, kesho atasema mwenyewe ofisini. Leo tu. Akashuka kwenda kunywa chai, akaniachia ufunguo wa basi, huohuo mmoja wa injini na wa milango, ili nifunge, kamera isiibiwe.

Tangu hapo nimekaa humu. Kwanza nikafikiri kwenda kwa mwalimu mkuu mwenyewe. Ofisi ile pale, mlango wazi, namwona anasaini. Sikushuka. Nikafikiri ni leo tu, si nimeweza asubuhi? Nikafikiri kile kitoto kilichonifundisha kufunga mkanda.

Ujumbe wa Betri umeingia: mkuu wa idara anauliza kazi. Tuchapishe ipi? Nimemjibu hakuna. Futa zote mbili. Kanijibu kwa alama ya kuuliza. Kozi ndiyo imekwenda hiyo. Siwezi kusema siumii. Naumia.

Kengele!

Wanatoka mbio na mabegi yao, wanajipanga mlangoni, wale wadogo mbele. Wananiambia nifungue. Wananiita matroni! Kaka anakuja kutoka kule kantini, shati lake la pasi, anatembea katikati ya uwanja na watoto wanampisha wao, yeye hawapishi. Sasa najua kwa nini. Anajua niko humu. Ananyoosha mkono tangu mbali, kiganja juu, anataka ufunguo.

Nimeukalia.