Zeze Alilotumiwa Qiaolan

Dongguan, 3 Machi 1996

Baba mpendwa,

Habari za nyumbani, kikohozi kimepungua? Mimi mzima, tunashona viatu kama kawaida. Zeze nimelipokea, nikalia kwa furaha. Nilidhani ulimwahidi Mama kunipa ili tu afe ametulia. Jumapili naanza kujifunza kwa mzee Shen, mpigaji mstaafu. Machi mwakani, siku ya kuvua msiba wa Mama, miaka mitatu ikitimia, nataka nimpigie kaburini ule wimbo wako wa maziko niliokuwa nausikiliza nje ya mlango. Nielekeze kwa barua, japo kidogo.

Mwanao, Qiaolan

Gengzhuang, 20 Aprili 1996

Mwanangu,

Kikohozi kipo, tumeshazoeana. Wimbo huo wanaume wa ukoo wetu wameupiga vizazi vinne, nami nilianza na miaka sita. Wewe una ishirini na tisa na vidole vimejaa gundi ya viatu. Uta uende sawa, usikandamize. Likikwaruza, kosa ni la mkono.

Baba yako

Dongguan, 10 Novemba 1996

Baba,

Natumai una nafuu. Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Miezi minane, kila jioni juu ya paa la bweni, na zeze linakoroma tu. Wenzangu wananiuliza, “Huyo paka wako atazaa lini?” Nacheka nao, kisha naenda bafuni kulia. Mzee Shen anasema uta wangu umenyooka, haelewi tatizo. Niambie ukweli, mkono wangu haufai?

Mwanao, Qiaolan

Gengzhuang, 1 Desemba 1996

Mwanangu,

Huku baridi, lakini tunapumua. Haufai. Acha, si aibu. Dekuan, mtoto wa ami yako, atapiga. Wewe njoo ulie na wanawake wenzako.

Baba yako

Dongguan, 19 Januari 1997

Baba,

Sijui nikusalimu vipi. Leo mzee Shen amefungua mgongo wa zeze, akamulika tochi ndani. Ngozi ya chatu iliyowambwa mbele imepasuka ukingo hadi ukingo, na ufa umezibwa ndani kwa karatasi na uji wa ngano, nje ukafichwa kwa rangi. Karatasi ina mwandiko wako. Akanipa zeze lake. Nilivuta uta mara moja tu, likaimba.

Ulijua?

Qiaolan

Gengzhuang, 6 Februari 1997

Mwanangu,

Nilijua. Niliziba mwenyewe. Mama yako aliniapisha nikupe zeze, hakusema lipi. Lile zima nilimpa Dekuan, maana binti huolewa na wimbo ukaenda naye kwa watu. Nilidhani utachoka baada ya mwezi. Sasa Dekuan amefuata bendi ya kinanda cha umeme, zeze kaliacha ukutani, na vidole vyangu baridi imevikaza. Njoo upige wewe. Nakuomba.

Baba yako

Dongguan, 22 Februari 1997

Baba,

Sijambo. Jana nilichora duara njia panda, nikaacha mwanya upande wa kwetu zimfikie, nikamchomea Mama pesa zake za karatasi. Nikampigia wimbo wote kwa zeze la mzee Shen, mwanzo hadi mwisho. Ningeweza kuupiga huko pia, na ulikuwa radhi nife nikiamini siwezi. Hilo linaniuma kuliko msiba wenyewe.

Siji. Watu wakiuliza mbona kaburi la mke wa mpiga zeze liko kimya, uwajibu wewe.

Qiaolan