Jua la Saa Tisa

3 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, cherehani kinazunguka, ila mgongo unalalamika kwa sababu ya sare za shule. Huko hamjambo? Nyonga ya Bibi inaendeleaje?

Nimeongea na daktari wa mazoezi wa hospitali iliyo nyuma ya mtaa wangu. Anasema Bibi akianza mazoezi mapema atatembea mwenyewe. Akichelewa, ndiyo basi tena, atabaki kitini. Sasa mwambie mama yako aache ukaidi aje kwangu. Chumba nimeshamtengea, na lifti inafanya kazi, siku nyingine.

Najua alivyosema: "Siendi kuning'inia ghorofani kama nguo kwenye kamba, mahali pasipo hata jani la kumwagilia." Basi majani nitampa. Nina roshani inayotosha kutandika mkeka, na makopo ya rangi niliyoomba kwa mafundi. Jua kwangu ni saa tisa, si haba. Wewe ndiye mwenye kitalu cha miche, nichagulie. Nataka Bibi akifungua mlango akute kijani kitupu.

Mpwa wako

9 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sisi tupo, tunapumua. Mfupa wa mama umeunga, ila hainuki kitini bila kubebwa, na anayebebwa anatoa amri kuliko anayebeba.

Saa tisa za jua! Wewe una bahati, hata mimi hapa kitaluni sizipati. Nimekutumia boksi kwa basi: nyanya, pilipili, biringanya na mawaridi mawili. Hiyo yote inapenda jua kupita kiasi, itakushukuru. Toboa makopo chini, changanya udongo na samadi iliyooza, halafu kaa ule kwa macho.

Mama kakubali kuja mwisho wa Machi, kuangalia tu. "Nikikuta makopo makavu, narudi na gari lilelile." Namjua mama yangu, hatanii. Usiniangushe.

Shangazi yako

8 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Cherehani hakijambo? Naona anayeumwa ni kalamu. Dereva wa basi anasema boksi alikukabidhi mkononi, kwa hiyo usinidanganye halikufika. Nyanya zimeshatoa maua? Mama ananiuliza kila akishika kikombe cha chai. Niandikie kabla sijakasirika vizuri.

Shangazi yako

13 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na usikasirike. Nilinyamaza kwa aibu. Nyanya zimerefuka kama uzi, zinaegemea ukuta kama walevi, na ua hakuna hata la dawa. Waridi moja limepukutisha majani yote, la pili linajifikiria. Na maji naipa miche asubuhi na jioni!

Juzi nikaona potelea mbali, nikanunua maua ya plastiki nikayachomeka kwenye makopo. Jirani kaja, kasifu bustani yangu. Alipotoka nikalia, Shangazi. Bibi atayagusa tu atajua, atarudi, na hatatembea tena kwa sababu yangu.

Sielewi nimekosea wapi. Jua linafika saa tisa kila siku bila kukosa, linakaa mpaka magharibi.

Mpwa wako

17 Machi

We mtoto!

Marahaba, na salamu nyingine baadaye. Jua LINAFIKA saa tisa? Mimi nilisoma unalipata saa tisa nzima kwa siku! Nimecheka mpaka mama kauliza kama nimeumwa na mdudu. Kumbe unapata jua la alasiri tu. Hiyo ni nusu kivuli, mwanangu, na mimi nikakutumia nyanya! Wewe ulibana maneno, mimi sikuuliza. Tumelingana.

Futa machozi, tupa plastiki. Nusu kivuli siyo msiba, ni kuchagua tu. Mmea unaotafutiwa tunda utakusumbua hapo. Unaotafutiwa jani utanawiri. Boksi jipya liko njiani: mnanaa, kotimiri, spinachi, saladi. Mnanaa uupe kopo lake peke yake, ni mvamizi. Kwa uzuri, begonia, na ule mmea wa majani marefu yenye mistari myeupe, unaozaa watoto wanaoning'inia. Kona yenye giza zaidi, weka kangaga. Ukuta upake rangi nyeupe, utakurudishia mwanga.

Na acha kumwagilia kama mtu wa zimamoto! Kivulini udongo haukauki upesi. Chomeka kidole, kikitoka kikavu ndipo umwagilie. Nimekuchagulia miche iliyokwisha kukua, haina haja ya kusubiriwa. Mama anakuja kama tulivyopanga.

Shangazi yako

2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Kafika! Lifti ilikuwa imekufa, majirani wawili wakambeba na kiti chake, naye anawaelekeza kona. Chumba hata hakukitazama, kataka roshani. Kachuma jani la mnanaa, kalinusa. Halafu: "Hili waridi nani kaliua?" Nikamwambia ni mimi na binti yako. "Niletee kisu." Kalikata mpaka kijiti, anasema litachipua.

Gari lilelile limerudi bila yeye.

Na jana, Shangazi, kasimama! Peke yake, kashika reli, kwa sababu nilimwagia begonia maji juu ya maua na hakuweza kuvumilia. Daktari anasema niendelee kukosea.

Mpwa wako

20 Agosti

Mwanangu,

Hamjambo nyote wawili? Daktari kanipigia simu: mama kamaliza mazoezi, anatembea na fimbo. Hongera, umenifuta jasho. Nakuja Jumamosi ya wiki ijayo kumchukua. Mfungie nguo zake.

Shangazi yako

24 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Sijui niandikeje, kwa hiyo naandika alivyosema Bibi: "Mwambie asije kunichukua. Mimi nipo kwangu." Naapa sikumshawishi. Nisamehe.

Mpwa wako

27 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Leo sina uzima wa kukuhadithia. Barua yako nimeisoma katikati ya kitalu, nikalia mbele ya wateja. Nimefurahi kwamba mama anatembea, na nimeumia kwamba hatembei kuja kwangu. Vyote viwili, na huna cha kusamehewa. Nilitaka apapende hapo kidogo, apone, arudi. Kila mmea nimeuchagua mwenyewe, na nimechagua vizuri mno.

Hapa hakuna wa kunikosoa. Jana nimepika cha watu wawili, nikakaa nakitazama.

Jumamosi nakuja vilevile. Nitakaa wiki nzima, nilale chini chumbani kwake. Mwambie asihangaike kupanga maneno ya kunikatalia. Tiketi ya kurudi nimekata ya mtu mmoja.

Shangazi yako, tena binti yake